Mtie Nuru Kidogo

Portsmouth, Uingereza
Jumapili, 18 Mfunguo Nane 1447
sawa na 9 Novemba 2025

Kwa ndugu yangu Mwanapili,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Leo imetimia miaka hamsini na mitatu na siku nne tangu nilipotoka Gando. Nimeiandika tarehe kwa hesabu mbili, kama alivyokuwa akifanya Baba kwenye kila karatasi yake, ili usije ukasema Uzunguni kumenisahaulisha miezi ya kwetu.

Nakuuliza hali kama tulivyofundishwa kuuliza: ya kwako kwanza, kisha ya nyumba, kisha ya majirani wa kulia na wa kushoto. Goti linaendeleaje? Mjukuu wako Yumna aliniambia umeanza kulisugua mafuta ya karafuu na kwamba siku hizi unatoka barazani bila ya fimbo. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na sita. Sukari inapanda na kushuka ipendavyo. Macho bado yanasoma, na hilo ndilo ninalomwomba Mungu lisiniondoke kabla yangu.

Barua hii anakuletea Ashraf, mtoto wa rafiki yangu Bakari wa Kisiwa Panza, pamoja na kifurushi. Kifurushi nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Ningeweza kuyasema haya kwa simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na kila ninapotaka kuingia kwenye jambo lenye uzito hupita mtu akasalimia. Basi mwite Yumna akusomee, na akusomee yote, hata pale atakapoona haya kuendelea. Nami nataka ayasikie, maana harusi ni yake.

Mwezi uliopita ulinituma. Ulinieleza kwamba mpambaji atatoka Chake Chake, fundi mwenye mikono mizuri, lakini kila faundesheni anayopata madukani inamgeuza Yumna mtu mwengine. Ya kwanza ilimwacha na uso wa majivu juu ya shingo nyeusi, ya pili ikamfanya mwekundu kama aliyelia. Kisha ukasema maneno ambayo niliyaandika papo hapo nyuma ya bahasha, nisije nikayapoteza: "Kaka, mtoto wetu ni maji ya kunde. Mchagulie iliyo nzuri, yenye kumtia nuru kidogo. Wajua macho ya watu."

Nilikubali nikicheka. Niliposhuka msikitini Ijumaa na kumuuliza Bakari kama anajua duka la vipodozi, aliwageukia wazee wenzetu akawatangazia kwamba Jabir anaoa, na masikini bado hajaijua rangi ya mke. Wiki nzima nilikuwa bwana harusi. Kila aliyenipa mkono alinikagua shavu.

Nilikwenda Jumanne asubuhi, nikijua wateja huwa wachache. Nilisimama mbele ya kabati lenye chupa zilizopangwa kutoka weupe wa maziwa hadi rangi ya kokwa ya ukwaju. Nilizihesabu, zilikuwa arubaini na mbili. Nilipofika nchi hii, mwanamke wa rangi yetu akiingia duka kama lile aliambiwa ya kwake hawana, basi, akatoka. Sasa ziko arubaini na mbili na mimi sikujua niguse ipi.

Binti anayeuza pale anaitwa Ummehani. Ni Muhindi wa hapa hapa, lakini bibi yake alizaliwa Mombasa, na urithi wake wote wa Kiswahili ni neno pole pole. Aliniuliza namnunulia nani, nikasema mjukuu wa dada yangu. Aliniuliza ana rangi gani. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni maji ya kunde, na nilipomfasiria alinitazama kwa adabu, kama mtu aliyepewa hati asiyoweza kuisoma.

Akanifundisha, naye ni mwalimu mzuri, na nayaandika haya ili Yumna naye ayajue. Alinieleza kwamba ngozi ina rangi mbili. Iko ya juu, ambayo watu wanaiona na kuisemea, na iko ya chini yake, ambayo wachache wanaitazama. Hiyo ya chini ama inavuta manjano, ama inavuta wekundu, ama iko baina yao. Watu wawili wanaweza kuwa na weusi ule ule, ukawapaka chupa moja, mmoja akapendeza na wa pili akawa kama aliyetoka kuchoma makaa. Rangi hiyo hujulikana kwa mishipa ya kifundo cha mkono. Ikionekana ya kijani, ngozi inavuta manjano. Ikionekana buluu au zambarau, inavuta wekundu. Ukishindwa kuamua, basi ni ya kati. Kisha akaniondosha chupa mkononi kwa upole, maana nilikuwa nimeanza kujipaka mgongo wa kiganja. Alisema hapo hapajaribiwi, mkono na uso havikupigwa na jua moja. Hujaribiwa kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo: mistari mitatu ya chupa tatu, halafu mtu atoke nje penye mwangaza wa mchana, angoje robo saa, kwa sababu zipo zinazobadilika zikikauka. Mstari unaopotea ndio wako.

Nikamwomba Yumna picha. Akaniletea tatu, zote nzuri, na zote si zake. Shavu halikuwa na hata kitundu kimoja, pua imechongwa, na rangi ilikuwa ya mtu asiyepata kuanika karafuu maishani mwake. Nikampigia. Aliapa hakufanya kitu, simu ndiyo inayofanya yenyewe. Nikamwambia atafute simu isiyo na adabu hiyo, akacheka akanambia, "Babu, siku hizi zote zina adabu." Mwisho alipata ya kaka yake, ya zamani, iliyopasuka kioo, akapigwa picha barazani saa nne za asubuhi jua likiwa upande wa pili wa nyumba, shavu lake kando ya karatasi nyeupe. Na kifundo cha mkono nacho.

Karatasi nyeupe ni mbinu yangu mwenyewe. Unajua kwamba nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika maabara ya kusafishia picha hapa mjini. Tulikuwa na kadi ya kupimia rangi, yenye uso wa mwanamke wa Kizungu anayetabasamu. Akitoka yeye sawa, mashine imekuwa sawa, na watu wetu walitoka vyovyote walivyotoka, mara nyingi macho na meno tu. Tangu hapo siamini picha isiyo na kitu cheupe ambacho weupe wake naujua.

Picha ilitosha. Lakini neno lako lilikuwa limeniingia, nikaona si heshima kulipuuza. Kwetu hakuna aliyepewa namba. Tulipewa maji ya kunde, na kila mtu alielewa. Basi nilinunua kunde zinazouzwa hapa, zile nyeupe zenye jicho jeusi, nikazichemsha, nikachuja maji katika chupa ya dawa ya kikohozi na kupanda nayo basi. Ummehani aliielekeza chupa dirishani, akafikiri, akaniambia kwamba mtu wa rangi ile apelekwe hospitali. Yalikuwa kijivu, Mwanapili. Kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Nilisimama pale mlangoni pa duka nikatambua nimesahau jambo ambalo mtoto wa Gando wa miaka mitano analijua, kwamba kunde zetu ni zile nyekundu, ndogo, ngumu, zinazokaa motoni kutwa. Miaka yote hii nimekuwa nikilitamka neno lile mbele ya watu, na kumbe kunde zilizokuwa kichwani mwangu zilishabadilika bila ya mimi kuambiwa.

Bakari alinitafutia nyekundu kwa Mghana mmoja mwenye duka karibu na stesheni. Hizo ndizo. Jiko langu lilinuka uani kwetu mpaka nikakaa kitako. Nilikaa nikimwona Mama anavyoinama kupuliza kuni, upande mmoja wa kanga umemtoka begani, na jiwe la kusagia liwa ya kujipaka liko kando yake limekauka lina mistari myeupe. Nilimwona Baba akipiga kikohozi cha kujulisha kwamba amefika. Nilikuona wewe umekaa juu ya mbuzi ya nazi, unakuna na kula, na Mama anakwambia nazi ile haitafika chunguni. Sijui nilikaa muda gani. Kunde zilikuwa zimeshaiva.

Maji yalianza na uwekundu wa mbali, kama waridi lililochakaa, kisha yakawa hudhurungi. Niliyaacha kwenye glasi, na asubuhi yake yalikuwa meusi yenye kung'aa, na ukiyainamisha penye mwangaza, wekundu unajitokeza chini yake. Nikakumbuka jinsi wageni walivyokuwa wakimuuliza Mama vipi watoto wa tumbo moja hawafanani, naye akiwajibu kwamba Jabir ni maji ya kunde ya mchemko wa kwanza na Mwanapili ni ya yaliyolala, na yaliyolala ndiyo yenye ladha. Wewe ulikuwa ukifurahi. Mimi nilikuwa nikinuna.

Niliiweka picha ya Yumna kando ya glasi. Ni ya yaliyolala. Ni wewe mtupu.

Kwa hiyo rangi tuliipata, mimi na Ummehani: namba thelathini na nne, yenye kuvuta wekundu. Mishipa ya Yumna ni zambarau, wala haina ubishi. Lililobaki lilikuwa neno lako la pili, nuru. Nilimuuliza Ummehani kuhusu nuru hiyo. Akafikiri nataka iliyo nyeupe zaidi, kwa sababu ndivyo wateja wengi wanavyoanza, akanitolea namba thelathini na kuiweka juu ya meza kando ya ile ya kwanza. Lakini akanionya kwamba chupa iliyo nyeupe kuliko ngozi haileti nuru, inaleta majivu. Kwa maelezo yake, uso unang'aa pale ngozi inapoachwa ionekane: faundesheni kidogo, isambazwe kutoka katikati kwenda pembeni, na panapokuwa sawa pasipakwe kitu. Nilisimama na chupa mbili, moja kila mkono. Wewe ulikuwa umeniomba nuru. Nikawaza kwamba hii ni mara ya pili ninatakiwa nimchagulie rangi mwanamke wa nyumba yetu.

Sasa Yumna, mwanangu, usiache kusoma.

Mwanapili, unaikumbuka studio ya Devji, pale Wete, mlango wa kijani, na ndani pazia lenye ziwa na bata wa Ulaya ambao hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuwaona. Niliingia pale nikiwa na miaka kumi na minane. Devji alinifundisha kusafisha picha kizani na kuzipaka rangi mezani, maana picha zilikuwa nyeusi na nyeupe na watu walitaka kujiona na rangi zao, hasa karibu ya Idi. Tulizungushia pamba kwenye ncha ya kijiti, tukaigusa rangi kidogo mno na kuisugua usoni mwa picha kama anayembembeleza mtoto alale. Zilikuwapo rangi tatu za uso. Devji alikuwa na kanuni yake, na aliisema akitafuna tambuu bila ya kuinua macho: mpunguzie mtu weusi kidogo, atarudi Idi ijayo, mwongezee kidogo, hatorudi yeye wala ukoo wake. Niliipenda kazi ile. Sijapata kupenda kazi nyengine hivyo. Mpaka leo nikinusa mafuta ya rangi namwona Devji amevua miwani anaipangusa kwa ncha ya shati.

Mwaka 1972, mwezi wa Juni, Mama alikuleta pale. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Yumna huenda hajasimuliwa, basi nimsimulie: bibi yako alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Abrahman, mwalimu wa skuli huko Tanga, ambaye watu wake asili yao ni Kiuyu, kisiwani kwetu. Shangazi yake alikuwa akikaa Wete, ndiye aliyeleta posa, na ndiye aliyetaka picha ya kumpelekea. Abrahman alikuwa ameshaandika barua mbili. Ulizificha chini ya godoro, Mwanapili, na mimi nilijua, kwa sababu ulipokuwa ukitandika ulikuwa ukiimba.

Ulivaa kanzu ya zambarau. Vipuli vya dhahabu ulikuwa umeazimwa na Bi Khairiya, jirani yetu wa uani, shoga ya Mama tangu utoto wao. Devji siku ile alikuwa Chake Chake. Picha nilikupiga mimi. Wakati mnaondoka, Mama alirudi mlangoni akaniinamia, akasema: "Mtie nuru kidogo, mwanangu."

Leo najua alichokusudia. Ulikuwa umeogopa mashine, umekaza midomo, na alitaka nichague picha ambayo uso wako umefunguka. Mama hakuwa mtu wa kuona haya kwa weusi wa mwanawe. Ndiye aliyesema yaliyolala yana ladha. Lakini mimi nilikuwa kijana wa mezani kwa Devji, na nuru kwangu ilikuwa ni rangi iliyomo katika kichupa. Niliitoa karatasi katika dawa kabla ya wakati wake ili uso ubaki mweupe, kisha nikaipaka kwa rangi ya kwanza, ile tuliyowapaka watu wa mashamba makubwa. Nilifanya kazi siku mbili. Niliifanya kwa mapenzi, na ilitoka nzuri kuliko picha yoyote niliyopata kuipaka. Sikumwonesha Mama. Niliitia katika bahasha nikaifunga na kumkabidhi shangazi yake Abrahman kwa mkono wangu. Kwa ajili ya nyumba nilisafisha nakala nyengine, isiyopakwa rangi, na ndiyo hiyo iliyopo ukutani kwako mpaka leo.

Jibu lilikuja upesi, la furaha, na mwezi uliofuata akaja mwenyewe. Unakumbuka. Alialikwa chakula cha mchana kwetu, ukatoka kumsalimia uso wazi kama sheria inavyomruhusu mchumba, ukamwekea maji ya kunawa. Alikula matonge matatu. Nyinyi mlidhani ni haya ya ugeni.

Siku ya pili yake alikuja studio, peke yake, akaiweka picha juu ya meza yangu. Alikuwa mpole, hakupandisha sauti. Nikataka kujieleza, nikamwambia kwamba ni desturi ya kazi. Akaniambia maneno ambayo nimeyasikia kila mwaka wa maisha yangu tangu siku ile:

"Mie sina kasoro na dada'ko. Kasoro yangu na huyu wa karatasi. Huyu nilikwisha mzoea."

Akanisihi nisikwambie, usije ukajichukia, na alimkataza shangazi yake asiseme neno. Akaondoka siku ile ile kurudi Tanga. Shangazi alituma ujumbe kwamba kijana amebadili nia, na hakuna aliyepata zaidi ya hapo.

Nyumba ilitafuta sababu, na aitafutaye sababu haikosi. Mama alikumbuka kwamba siku mbili kabla ya Abrahman kuja, Bi Khairiya alikwenda Wete kwa shangazi yule kurudisha sinia. Akasema kuna ulimi uliotembea. Vipuli vilirudishwa kwa mkono wa mtoto, havikusindikizwa na neno. Mkabadili hata saa za kwenda kisimani. Bi Khairiya alisimama uani akaapa kwa Mungu mbele ya watu, na Mama akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, umbali wa hatua nne. Ningesema sentensi moja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, si mtoto. Nilinyamaza.

Mama alikufa mwaka 1988, hajapata kusema naye. Uliniandikia kwamba Bi Khairiya alikuja kumwosha, na kwamba nyinyi mlishangaa.

Nawe nilikuona ulivyokuwa miezi ile. Ulikigeuza kioo kikatazama ukuta. Ulichukua ndimu ukajisugua uso kila asubuhi mpaka ukachubuka mashavu, na Mama alipokuuliza ulisema ni chunusi. Hukuwa na chunusi. Ulikuwa umeona jicho la Abrahman lilivyokupita likimtafuta mtu mwengine, na ukajijazia mwenyewe yaliyobaki. Novemba ile nikavuka kwenda Tanga, kisha Mombasa, kisha meli. Watu walisema Jabir kaikimbia hali ya siasa ya wakati ule. Nusu ilikuwa kweli, nami nikaiacha nusu hiyo isimame mahali pa yote. Nyengine ilikuwa shavu lako.

Sisemi kwamba nilikuharibia maisha; nikisema hivyo nitakuwa najikweza. Hija, uliyekuja kuolewa naye, alikuwa mume kuliko waume, Mungu amrehemu, na barua zako za miaka yenu ya mwanzo zilikuwa za mtu anayecheka. Nasema kwamba uliachwa kwa kosa la mkono wangu, ukaamini ni kosa la uso wako, na mimi nilikuwa na dawa nikaificha. Nasema pia kwamba mwanamke asiye na hatia ameishi nusu ya karne nyuma ya nyumba yetu akiitwa mfitini. Yumna ananiambia Bi Khairiya yu hai, ana miaka tisini na tatu, hasikii vizuri sikio la kulia. Nakuomba, Mwanapili, uende kwake na ukurasa huu, ukae upande wa sikio la kushoto, na asomewe. Mimi siwezi kumwomba radhi kwa niaba ya Mama, lakini naweza kumwambia kwamba Mama alidanganywa, na aliyemdanganya ni nani. Ndani ya kifurushi mna bahasha, na ndani ya bahasha mna picha ile. Mwoneshe. Akishaiona mfanyeni mnavyopenda, ichaneni au itunzeni, mimi nimechoka kuishika.

Uliponiambia mchagulie yenye nuru kidogo, wajua macho ya watu, nilizisikia zile ndimu. Ndiyo maana nimekuandikia. Kama ningenunua thelathini na kukaa kimya, nyote mngenishukuru.

Basi katika kifurushi mna chupa moja tu, thelathini na nne. Yumna, mpambaji akuanzie kwenye taya, mlangoni, mchana, wala si chini ya taa. Uisubiri ikauke. Kama mimi nimekosea na mstari haukupotea, nipigie, nitarudi dukani kesho yake, Ummehani ameniahidi kubadilisha. Lakini usiniombe iliyo nyeupe zaidi, hiyo sitainunua. Huyo anayekuoa amekuona barazani kwenu kwa macho yake, na huyo aliyemwona ndiye aliyekuja kumposa. Usimpelekee mwengine siku ya harusi, akamzoea.

Mwanapili, sina la kukushurutisha. Ukitaka kunijibu jibu, ukitaka kukaa kimya mwaka mzima utakuwa na haki, mimi nilikaa zaidi.

Nisalimie watoto na wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie majirani, na wa uani umsalimie wa mwanzo. Bakari anakusalimu ijapokuwa hamjuani, anasema mtu aliyemtuma Jabir dukani kwa wanawake anastahiki salamu. Namwomba Mungu aijaalie ndoa ya Yumna iwe ya heri na masikilizano, na akupe wewe afya ya kuicheza ngoma yake, goti likitaka lisitake.

Umeniuliza tena kama mkitie chokaa chumba cha uani, kwa kuwa huenda mwaka huu nikaja. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikujibu inshallah, na haikuwa inshallah ya mtu anayekusudia. Daktari hajanikataza safari. Ashraf alitaka nifuatane naye hivi sasa. Lakini mke wangu amezikwa hapa, na mahali pangu kando yake pameshawekwa, naogopa kufia mbali naye, na hata mkinisamehe nyote jambo hili halitabadilika. Chumba mpeni Yumna na mumewe. Mimi sitorudi.

Kaka yako,
Jabir